Kabla kijiko cha kubomolea hakijashushwa uswahilini

Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, na mameya, wakurugenzi na madiwani wa Jiji la Dar es Salaam (Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Tunaoandika ni watu wa mtaroni: wapimaji, wapangaji miji, mafundi bomba na wasimamizi wa usafi ambao kazi yetu iko kwenye vichochoro visivyopitika kwa gari. Kila baada ya muda husikika tena lile pendekezo kwamba Manzese, Tandale, Vingunguti, Keko na Buguruni zifutwe, zijengwe ghorofa, ili jiji lifanane na picha za kwenye mabango. Anayependekeza hivyo ameuona uchafu vizuri. Alichokosa kukiona ni mtambo unaofanya kazi ndani ya uchafu huo. Hatuji kuwaambia kwamba uchafu haupo. Upo, unanuka, na hapa chini tutasema unatoka wapi, kwa sentimita na kwa lita.

Ukisimama juu ya daraja la waenda kwa miguu pale Manzese saa nne asubuhi, utayaona yote yanayowakera: mabati yaliyoliwa na kutu, nyaya zilizolegea juu ya vichwa vya watu, mtaro mweusi uliojaa chupa. Simameni hapo hapo saa kumi na moja alfajiri. Malori ya ndizi yanakata kona kuelekea soko la Mahakama ya Ndizi kule Mabibo, mikokoteni ya magunia inasukumwa soko la Tandale, vitumbua vimeshageuzwa mara ya kwanza, na mabasi ya mwendokasi yanajaza watu wanaokwenda kufagia, kulinda na kupika kwenye yale majengo ya vioo ya Posta. Posta isingefunguliwa saa mbili kama Manzese isingeamka saa kumi.

Anzieni na hesabu. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa huu na watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Ongezeko ni 1,019,187, wastani wa watu 279 kila siku ya Mungu kwa miaka kumi. Wakilala watatu watatu, hivyo ni vyumba 93 kwa siku. Hakuna shirika la nyumba, la umma wala la binafsi, lililokuwa likikabidhi vyumba 93 kila jioni. Vilijengwa na mama aliyepokea mchezo wa upatu, na dereva wa daladala, na mstaafu na kiinua mgongo chake. Tofali chache mwezi huu, lenta mwakani, bati mwaka wa tatu. Kazi hiyo haina hati ya mkopo wala sherehe ya uzinduzi, labda ndiyo maana haihesabiwi.

Nyumba ya Kiswahili yenyewe ni usanifu tusioupa heshima yake. Ukumbi wa kati unapenya toka barazani mpaka uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kila kimoja kama futi 10 kwa 10, na nyuma kuna jiko, bafu, choo na kamba ya kuanikia. Upepo hupita ukumbini bila feni. Kila chumba kina mlango na kufuli lake, kwa hiyo mwenye nyumba akibanwa anaongeza mpangaji bila kuvunja ukuta, na mwanawe akioa anakirudisha chumba. Dirisha la mbele likigeuzwa mlango, chumba kinakuwa fremu: saluni, duka, wakala wa pesa za simu. Mtu aliyeshuka jana Kituo cha Magufuli kule Mbezi anaweza kulala leo katika chumba kama hicho kwa kumlipa dalali na kodi ya miezi michache, kisha kesho akatafuta kibarua kwa miguu. Ghorofa inayomdai barua ya mwajiri haiwezi kumpokea mtu huyo.

Nyumba hizi zina udhaifu wake, na mara nyingi unaanzia kwenye tofali. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali 30 hadi 35 za inchi 6 zenye kustahimili. Wafyatuaji wenye haraka huuvuta mpaka 50, na hizo ndizo mnazoziona zikimomonyoka chini ya ukuta masika ya pili. Dawa yake ni ukaguzi wa viwanda vya tofali vya mitaani: dondosha tofali tatu toka kimo cha kiuno juu ya ardhi ngumu, na kama zote zinapasuka, saruji imeibwa. Tusidanganyane pia kwamba hatari inakaa uswahilini tu. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, katikati kabisa ya mji, likaua watu 36. Novemba 16, 2024 ghorofa likaanguka Kariakoo. Vioo havikusaidia.

Kariakoo ni mfano mzuri wa jinsi jicho linavyodanganya. Jina lake limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baadaye ukawa mtaa wa nyumba za vyumba sita, na leo wanunuzi wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Moroni na Bujumbura kuja kufungasha mizigo kwenye viwanja vile vile. Mnaona msongamano; mfanyabiashara anaona kwamba ndani ya mita 400 anapata kitenge, betri ya simu, mfungaji wa katoni na lori la kwenda Tunduma. Toka hapo bidhaa inazidi kukatwakatwa: katoni inakuwa dazeni, dazeni inakuwa moja moja, mafuta yanapimwa kwa kikombe, mkaa kwa kopo. Mtu anayelipwa kwa siku hula kwa siku, na genge la Tandale limejipanga kwa mfuko wa mtu huyo.

Sasa historia kidogo, maana nchi hii iliwahi kulijua jambo hili kuliko inavyolijua leo. Katika miaka ya 1960 sera ilikuwa kubomoa vibanda na kujenga upya. Fedha ziliisha, na nyumba mpya zikawa chache mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikabadili njia: Manzese ikapelekewa barabara, maji na huduma pale pale ilipo, na pembeni yake vikapimwa viwanja vyenye barabara tayari, Sinza na Kijitonyama, watu wajenge wenyewe. Nendeni Sinza leo mkaone. Nyumba zimebadilika mara tatu, zimekuwa ghorofa, baa, hospitali, lakini barabara ziko palepale zilipochorwa. Nyumba hujirekebisha yenyewe kipato kikipanda, barabara haijirekebishi. Fedha ya umma ingepaswa kwenda kwenye kile ambacho mwenye nyumba hawezi kukijenga.

Magomeni Kota ni kumbukumbu ya karibu zaidi. Nyumba za zamani zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Majengo mapya ya kaya 644 yalizinduliwa Machi 2022. Ni majengo mazuri, hatubishi. Lakini ni karibu miaka kumi kwa kaya 644, kwenye kiwanja kilichokuwa tayari mali ya umma na wakazi wanaojulikana kwa majina. Linganisheni na vyumba 93 kwa siku, kisha mwambieni mtu akokotoe Manzese nzima itachukua muda gani. Machinga Complex, jengo la soko la wamachinga pale Karume, ilikwama kwa sababu nyingine: bidhaa ya machinga hununuliwa na mpita njia ambaye hakupanga kununua, na mpita njia hapandi ngazi. Vizimba vya juu vilibaki tupu miaka mingi, huku barabara iliyo chini yake ikijaa meza.

Tuje kwenye mtaro, maana hapo ndipo uchafu wa jiji unapoanzia.

Mtaro wa sentimita 60 kwa 60 wenye mteremko wa nusu mita kila mita 100, ukiwa safi, hupitisha kama lita 580 kwa sekunde. Mvua ya milimita 50 kwa saa ikinyesha juu ya hekta moja ya mabati na udongo uliokanyagwa hutoa kama lita 110 kwa sekunde. Kwa hiyo mtaro huo unatosha hekta tano. Ukijaa mchanga nusu ya kimo, wengi hudhani uwezo umebaki nusu. Hubaki chini ya theluthi, kama lita 180, kwa sababu maji yamepoteza nafasi na bado yanasuguana na sakafu ya mchanga. Mtaro wa hekta tano sasa hautoshi hata mbili, na maji yaliyozidi yanaingia ukumbini mwa nyumba ile yenye vyumba sita. Kwenye televisheni tutasikia kwamba wananchi wametupa chupa. Chupa zipo, ndiyo, lakini chupa huelea. Mchanga ndio unaokaa. Unatoka kwenye barabara za udongo za juu, na kwenye malundo ya ujenzi yaliyomwagwa kando ya barabara yakisubiri fundi kwa wiki tatu.

Namna tunavyosafisha ndiyo inayoturudisha palepale. Kazi huanzia juu, penye lami, ambapo kiongozi anaweza kupigwa picha. Mvua ya kwanza inausomba mchanga uliolegezwa na kuushusha kwenye sehemu ya chini ambayo haijaguswa. Anzieni mdomoni, pale mtaro unapomwagia mtoni, mpande kidogo kidogo. Halafu tope lisilale ukingoni. Mtaro wa mita 100 uliojaa nusu una mita za ujazo 18, yaani toroli 300 za lita 60, au tripu tatu au nne za tipa dogo. Kama tipa halijalipiwa kabla ya koleo la kwanza, msianze, kwa sababu lundo hilo litarudi mtaroni usiku ule ule mvua ikinyesha. Kila baada ya mita 50 chimbeni mtego wa mchanga: shusheni sakafu kwa sentimita 30 kwenye urefu wa mita moja. Hapo mchanga hutulia, na watu wawili wanaumaliza kwa asubuhi moja badala ya kufukua mtaro mzima. Chujio la takataka liwekwe kwa kulalia kama ngazi, nyuzi 45, nondo zikiachana sentimita 5 hadi 7, ili mifuko ipande juu na maji yapite chini. La wima huziba kwenye mvua moja.

Mifuniko nayo ina hesabu yake. Mfuniko wa zege wa sentimita 80 kwa 60, unene 10, una kilo 115. Hakuna mtu atakayeunyanyua, hivyo mtaro hufunikwa siku ya kukabidhiwa na haufunguliwi tena hadi upasuke. Ukifyatuliwa wa 80 kwa 30, unene 8, na matundu mawili ya kuingiza ndoano ya nondo, unakuwa na kilo 46, vijana wawili wanauondoa. Msiweke wa chuma. Utauzwa kama chuma chakavu kabla ya wiki kuisha, na aliyeuuza hatakuwa mtu mbaya kuliko njaa yake.

Kosa kubwa kuliko yote ni mtaro usio na mwisho. Mkandarasi wa barabara anajenga mpaka pale mkataba unapoishia, na mkataba unaishia uani kwa mtu. Lami mpya huleta maji mengi na kwa kasi kuliko udongo ulivyokuwa ukileta, kwa hiyo barabara iliyokusudiwa kuinua mtaa inauzamisha mtaa wa chini yake. Kabla ya kusaini hati ya kwanza ya malipo, dai mchoro unaoonyesha maji yanamwagika wapi, na mtu wa mtaa wa chini awe ameuona. Ramani si tatizo tena. Tangu Tandale ichorwe na wakazi wake mwaka 2011, na baadaye mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ukawatoa wanafunzi wa vyuo kwenda kuchora kata kwa kata, mitaro mingi ya jiji hili ipo kwenye ramani iliyo wazi kwa yeyote. Iprintiwe, ibandikwe ofisi ya mtendaji.

Choo ndicho kinachofuata, na hapa tutasema wazi hata kama mnasoma mkila. Shimo likijaa, na gari la majitaka haliwezi kuingia kichochoroni, kuna njia mbili: kulipa watu wachimbe shimo la pili pembeni wahamishie, au kusubiri mvua kubwa na kulitapisha shimo mtaroni. Kutapisha ni bure. Ndiyo maana mtaro ni mweusi, na ndiyo maana kipindupindu hupenda masika. Faini haijalikomesha jambo hili kwa sababu gari linatoza kwa tripu nzima ya maelfu ya lita wakati shimo la familia lina lita elfu moja au mbili, na mpira wake haufiki nyumba ya tatu toka barabarani. Hata likifika, huvuta maji ya juu tu. Tope la chini limekauka na limejaa matambara, pedi na mchanga.

Kinachofaa huku ni guta la magurudumu matatu lenye tangi la lita 500 na pampu ya mkono inayozamishwa shimoni. Mafundi hunasua taka kwanza kwa ndoano, wanaongeza maji, wanakoroga, kisha wanapampu. Lakini guta halina faida likitumwa kilomita kumi hadi mabwawa ya majitaka ya Vingunguti kwa kila lita 500: mafuta na muda vinaila pesa yote, na dereva mwenye njaa atamwaga gizani. Kila kata inahitaji tangi la kupokelea ndani ya kilomita mbili au tatu, ambalo gari kubwa linakuja kulinyonya. Tangi hilo ndilo ambalo mtu binafsi hawezi kulijenga, maana hakuna anayelitaka jirani yake. Ni kazi ya halmashauri.

Penye mteremko, mabomba membamba ni bora zaidi. Bomba la inchi 4, mteremko wa sentimita moja kila mita, kina kifupi kwa sababu hakuna lori litakalopita juu, chemba kila mita 15 hadi 20 na kwenye kila kona. Vichochoro vyetu vyembamba, vinavyolaumiwa kwa kila kitu, hapa vinakuwa faida: nyumba zimekaribiana, kwa hiyo kila kaya inahitaji mita chache tu za bomba. Huharibika kwa sababu tatu. Mtu huunganisha bomba la maji ya mvua toka batini, na mchanga wa paa unaingia. Mama lishe humwaga mafuta ya moto yanayoganda, na anahitaji mtego wa mafuta, ndoo mbili na kiungo cha bomba, si hotuba. Au chemba huziba na hakuna anayejua ni zamu ya nani kuizibua. Chagueni fundi mmoja wa mtaa, alipwe kwa michango ya mwezi, na fimbo ya kuzibulia ikae kwake.

Kuhusu umeme na maji, umaskini wa uswahilini una gharama ambayo haionekani kutoka barabarani. Nyumba ya vyumba sita ina mita moja ya LUKU. Kwa bei zilizowekwa 2016, mtumiaji mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Ikizidi hapo bei hupanda zaidi ya mara tatu. Chumba chenye taa mbili, feni na redio hutumia kama uniti 20. Kikiwa na mita yake kingekaa kwenye bei ya chini daima. Vyumba sita ni uniti 120, na nyumba nzima inahesabiwa kama mwenye kiyoyozi. Watu maskini sita wakichangia mita wanageuka tajiri mmoja. Kuunganisha mita sita, kwa ada ya mjini ya shilingi 320,960 kila moja, hakuna mwenye nyumba atakayekubali. Ruhusuni ada hiyo ikatwe kidogo kidogo kwenye LUKU yenyewe, na tatizo limekwisha bila ruzuku. Maji ni vivyo hivyo: uniti moja ni lita 1,000, ndoo 50. Ndoo ikiuzwa shilingi 100, mtu asiye na bomba analipa 5,000 kwa uniti, zaidi ya mara mbili ya mwenye bomba ndani.

Takataka tutazipitia haraka. Gari haliingii, toroli linaingia. Toroli linahitaji kizimba pa kumwagia, na kizimba kikiondolewa kwa sababu kinachukiza bila kuwekwa kingine, taka zinahamia mtaroni ndani ya siku mbili. Wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa ajili ya dampo lililokuwa likiwafukiza moshi, na wakashinda. Tangu hapo dampo limekuwa likihamishwa, sasa liko Pugu Kinyamwezi, mbali kabisa. Sehemu kubwa ya tunachokisafirisha kwa dizeli mpaka huko ni maganda ya ndizi na mabaki ya sokoni. Yakitengwa Mabibo na kuozeshwa karibu, mnaokoa malori kabla hamjanunua hata moja jipya.

Kuhusu moto tuna ombi moja: katika kila mtaa ifunguliwe njia ya mita nne ambayo hakuna nyumba iliyo mbali nayo zaidi ya mita 60, urefu wa mipira miwili ya zimamoto. Hiyo mara nyingi inagusa kuta chache na vyoo viwili vitatu, haigusi mtaa mzima.

Isieleweke kwamba tunataka kila mtu abaki alipo. Bonde la Msimbazi haliishiki. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na tangu karakana ya mwendokasi ijengwe Jangwani, maji yameyakuta mabasi humo kama yalivyokuwa yakiwakuta watu. Kitanda cha mto kimepanda kwa mchanga unaotoka vilimani, na hakuna tofali linalobishana na hilo. Lakini waliohamishiwa Mabwepande walipewa viwanja mbali sana na Kariakoo iliyokuwa ikiwalisha, na mtu anayeishi kwa kusukuma mkokoteni hawezi kupanda magari mawili kwenda kuusukuma. Wengine walirudi bondeni. Mradi wa bonde uliopitishwa 2022 una nafasi ya kufanya tofauti kama makazi mapya yatakuwa umbali wa kutembea.

Hapo ndipo tunaomba kitu kimoja kigumu. Hesabuni vyumba, msihesabu nyumba. Kanuni za fidia za 2001 zinamjua mwenye nyumba: kodi ya miezi 36, gharama ya kusafirisha tani 12 ndani ya kilomita 20. Mpangaji wa chumba kwa kawaida hapati kitu, na nyumba moja ya vyumba sita yenye mwenyewe ndani ina kaya tano za namna hiyo. Mthamini akiandika "nyumba 1", kijiko kitakapopita familia tano zitakuwa hazijawahi kuwepo kwenye karatasi yoyote. Jioni hiyo zitatafuta chumba, na kwa kuwa vya Manzese vimepungua na bei imepanda, zitakipata pembeni ya mto. Ongezeni safu moja kwenye fomu: idadi ya vyumba, jina la anayelala, kazi anayofanya na anaifanyia wapi. Na mpangaji apewe mkononi, kabla ya notisi kuisha, walau kodi ya miezi sita, ambayo ndiyo wenye nyumba wengi wa mji huu hudai mlangoni.

Vuli huanza Oktoba. Mkiagiza tipa mwezi wa nane na kuanzia mdomoni, mitaro ya Manzese na Tandale inaweza kuwa imefunguliwa mpaka lami kabla ya tone la kwanza. Wenyeviti wa mitaa wanajua chemba zote zilizoziba, hata zile ambazo hazimo kwenye ramani. Sisi tutakuja na ramani, utepe wa kupimia na ndoano za mifuniko. Ninyi njooni na viatu vya mvua, saa kumi na moja alfajiri, na magari yabaki upande wa pili wa daraja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wapimaji, mafundi na wapangaji miji wa Dar es Salaam